Mchoro wa milimita, tepu ya inchi: vipimo vinapotelea wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini vipande vyako havilingani na mchoro wa milimita wakati tepu yako inasoma inchi. Kwanza achana na "inchi moja ni sentimita mbili na nusu". Tangu makubaliano ya 1959, inchi ni milimita 25.4 kamili. Chukua kipande cha milimita 745: ukigawa kwa 25 unapata inchi 29.8, na ukikata hapo kinazidi kwa karibu milimita 12.

Gawa kwa 25.4, utapata 29.33. Sasa hiyo .33 haimo kwenye tepu, na wengi huchemsha hapa kwa kuikisia robo au theluthi. Kila inchi ya tepu imegawanywa vipande 16, kwa hiyo zidisha .33 kwa 16, inakuja 5.28, yaani ni inchi 29 na alama ya tano kati ya zile kumi na sita (29 5/16). Rudisha kwenye milimita uhakikishe: 744.5. Imepungua nusu milimita, na tepu hiyo haiwezi zaidi sana, maana alama hadi alama ni karibu milimita 1.6. Kwa fremu inatosha. Kwa droo, tafuta tepu ya milimita, usijitese.

Nusu milimita hiyo inauma ukiirudia. Vipimo kumi vya 29 5/16 vikifuatana, mwisho umepotea karibu milimita 5. Pima vyote kuanzia ncha moja ya ubao: andika 745, 1490, 2235 na kuendelea, kisha badili kila namba peke yake kuwa inchi.

Futi nazo: kikokotoo kikikupa futi 5.8, si futi 5 na inchi 8! Zidisha .8 kwa 12, ni futi 5 na inchi 9.6. Ukikosea hapo umekosa sentimita 4.

Kwenye spana, ya milimita 19 na ya robo tatu inchi (19.05) zinabadilishana bila shida. Ila spana ya 13 kwenye boliti yenye kichwa cha nusu inchi (12.7) inacheza, ukikaza kwa nguvu inakula kona.

Mabomba ya chuma usiyapigie hesabu hii kabisa. Bomba la "nusu inchi" lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, si 12.7, kwa hiyo klampu yake inunuliwe kwa kipimo cha nje.