pH Ilirudi, Povu Halikurudi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maabara hapa Tanga, juzi nimemwona mmoja wenu akidondosha asidi moja kwa moja kwenye kopo la katalesi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) cha ini kinachovunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni, nikaona ni afadhali niwasimulie aibu yangu kabla hamjairithi.

1. Rekebisheni pH (kipimo cha uasidi) ya bafa, yaani kimiminika kinachoituliza pH, kabla kimeng'enya hakijaingia. Mwaka wangu wa kwanza niliiona kanuni hii kuwa ya waoga. Nilitoka Ngamiani alfajiri na ini la ng'ombe, nikalisaga, nikalichuja, nikalizungusha kwenye sentrifuji, na kufikia alasiri nilikuwa na kimiminika cha kahawia ambacho tone lake moja liliifanya haidrojeni peroksaidi ifure povu hadi mezani. Mita ilisoma 7.6, nami nilitaka 7.0. Nikadondosha asidi haidrokloriki bila kukoroga, mkono ukateleza, pH ikashuka hadi 3. Nikairudisha kwa sodiamu haidroksaidi, nikaandika "7.0" daftarini kwa mwandiko safi kabisa, kisha nikajaribu tone. Vilitoka viputo vitatu. Nilibadilisha peroksaidi mara mbili nikiilaumu yenyewe, hadi msimamizi wangu aliponiuliza, "Mwanangu, yai la kuchemsha likipoa hurudi kuwa bichi?"

Chuma cha katalesi kilikuwa bado kimo koponi, na hata chuma cha chumvi ya kawaida huivunja peroksaidi, ila kwa kujikongoja. Kasi ya katalesi, mamilioni ya molekuli kwa sekunde, hutokana na mahali chuma kilipokaa: ndani ya himu, yaani pete ya kemikali inayokishika chuma, mwisho wa njia nyembamba, ambapo asidi amino mbili, histidini ya 75 na asparajini ya 148, kwa hesabu ya katalesi ya binadamu, huishika peroksaidi katika mkao unaorahisisha kukatika kwa kifungo kati ya oksijeni zake mbili. Kwenye mnyororo wa asidi amino wawili hao wako mbalimbali. Mkunjo wa mnyororo huo ndio uliowakutanisha. Asidi yangu iliutawanya mkunjo huo na kuvitenganisha vipande vinne vya protini, na sodiamu haidroksaidi hurekebisha pH tu, haikunji protini.

2. Barafu itangulie ini. Joto la Februari hapa mnalijua.

3. Msitikise hadi povu litoke, kwani povu nalo huikunjua protini.

Kopo la juzi nimelikuta kwenye friji likiwa na lebo "Katalesi, pH 7.0". Nimeongeza neno "marehemu" kwa kalamu nyekundu.