Maswali na Majibu: Utumwa wa Marekani Ulimharibu Nani?

Mwenye watumwa alikula na kulala pazuri. Yeye aliharibikiwa nini?

Mtazame Sophia Auld wa Baltimore. Kabla ya kuolewa alikuwa mfumaji aliyejitafutia riziki yake, wala hakuwahi kumiliki mtu. Frederick Douglass, mtumwa ambaye baadaye alikuwa mwandishi na mpinga utumwa mashuhuri, alipoletwa nyumbani kwake yapata mwaka 1826, akiwa mtoto wa miaka 8 hivi, alimpokea kwa uso mkunjufu na kuanza kumfundisha herufi. Mumewe, Hugh, akamkataza: mtumwa akijua kusoma hatawaliki tena. Sophia akatii, kisha akamzidi mumewe kwa ukali. Akimkuta mtoto amejibanza na gazeti, alimvamia na kumpokonya. Hayo aliyaandika Douglass mwenyewe mwaka 1845, miaka 7 baada ya kutoroka. Kinachoniuma ni kwamba mama huyu hakuja na ukatili ule. Aliufundishwa ndani ya nyumba yake, ukamkaa.

Basi wote walikuwa wahanga sawa?

Hapana, na wanaosema hivyo nawapinga. Sophia angeweza kukataa. Harriet Bailey, mama yake Douglass, hakuwa na la kuchagua. Alitenganishwa na mwanawe angali mchanga, akapelekwa kufanya kazi shamba la mbali, kiasi cha kilomita 19. Mara chache alizoweza kumwona, alitembea kwa miguu usiku baada ya kazi, akalala kando yake, akaondoka kabla mtoto hajaamka, maana asiyekuwapo shambani jua likichomoza alichapwa viboko. Alifariki mwanawe akiwa na miaka 7 hivi. Huruma iliyomtoka Sophia haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na usiku ule wa Harriet.

Watoto wa mabwana je?

Thomas Jefferson, rais wa tatu, alilijibu hili bila kuficha: mtoto humwona baba akimfokea mtumwa, naye huenda kuwafanyia vivyo hivyo watumwa walio wadogo. Alijua hayo, na bado maishani mwake alimiliki zaidi ya watu 600. Alikufa mwaka 1826 akiwa na madeni makubwa, na Januari 1827 watumwa wa Monticello, shamba lake, wakapigwa mnada. Mhunzi wake, Joseph Fossett, alikuwa ameandikiwa uhuru katika wasia. Mkewe Edith, mpishi mkuu wa nyumba ile, hakuandikiwa, wala watoto wao. Waliuzwa. Fossett alihangaika kuwakomboa kwa fedha, na hakuwapata wote.

Lakini mabwana si walitajirika?

Wengi, ndiyo, tena sana. Sidai kwamba utumwa haukuwalipa.

Ulipopigwa marufuku mwaka 1865, mambo yaliishia hapo?

Hayakuisha. Kwa miaka mingi, hata baada ya 1900, waliokuwa watumwa waliweka matangazo magazetini kutafuta mama, watoto na ndugu, na baadhi ya wachungaji waliyasoma kwa sauti kanisani. Tangazo lilitaja jina la bwana aliyeuza, aliyenunua na mahali walipoachana. Jina la bwana lilikuwa la lazima: watu wengi walibadilishwa majina walipouzwa, hivyo anayemtafuta dada yake hakuwa na hakika kwamba bado anaitwa vile alivyomzoea.