Mchezo mgumu, hali ngumu, vifaa vigumu: jinsi ya kuandika mipangilio ya gemu

SWALI: Mwalimu, tunatafsiri gemu kwa Kiswahili na sehemu ya mipangilio imetushinda. Mmoja wetu ameandika "Hali Rahisi", "Hali ya Kawaida" na "Hali Ngumu". Mwingine anashikilia "Kiwango kigumu". Pia hatujaafikiana kuhusu ile sehemu ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu: iitwe ufikivu, ufikiaji au upatikanaji? Na programu ina neno moja tu la kuonyesha kwamba kitu kimewashwa, linalorudiwa kila mahali. Tumeweka "Imewashwa", lakini sehemu nyingine linakaa vibaya. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu, anzeni kwa kuifuta "Hali Ngumu". Maneno hayo mawili yakikaa pamoja yana kazi yake tayari: ni ukata, ni mfuko mtupu. Mchezaji atakayeulizwa kama anataka hali ngumu atacheka, halafu atasema anayo ya kutosha. "Hali" inafaa ikifuatwa na "ya": hali ya mazoezi, hali ya usiku, hali ya usaidizi.

"Kiwango kigumu" kina upatanisho safi, ila maana inayumba. Kiwango hakiwi kigumu wala chepesi. Kinakuwa cha juu, cha chini au cha kati. Kigumu ni mchezo wenyewe. Tena wachezaji wengi hutumia "kiwango" kwa mambo matatu tofauti, na menyu ikifanya hivyo hakuna atakayeelewa. Tenganisheni mapema: hatua ni sehemu ya mchezo unayoivuka (hatua ya 1, hatua ya 2), ngazi ni cheo cha mhusika kinachopanda kadiri anavyocheza, na ugumu ubaki ugumu.

Kichwa kiwe "Ugumu wa mchezo", na machaguo yawe Rahisi, Wastani, Mgumu, Mgumu sana. Kwa nini Mgumu na si Ngumu? Kwa sababu kivumishi cha Kiswahili hakisimami peke yake. Hata kikiwa neno moja ndani ya kitufe, msomaji anatafuta jina kinalolisifia, na hapa jina ni mchezo. Kichwa kikisema gemu, basi ni Ngumu. Kosa ni kuchanganya: kichwa kina mchezo, kitufe kina Ngumu, na ujumbe wa ushindi una Kigumu. Rahisi na wastani hayasumbui hivyo kwa kuwa hayabebi viambishi, ingawa ndani ya sentensi wastani hudai neno la kuunganisha kama "wa": tunasema mchezo rahisi, lakini mchezo wa wastani.

Kuna atakayependekeza "mwepesi" au "nyepesi" ili kuwe na Kiswahili zaidi. Msikubali. Gemu nyepesi, kwa watu wanaopakua gemu kwenye simu, ni ile isiyokula nafasi wala kuchosha simu. Na "rahisi" nayo ina mtego wake nje ya menyu: kwenye ukurasa wa mauzo, "toleo rahisi" husomeka kama toleo la bei nafuu. Ndani ya menyu, chini ya kichwa kinachotaja ugumu, mtego huo haupo.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Baadhi ya gemu za siku hizi hazina swichi moja ya ugumu, zimeugawanya. The Last of Us Part II, iliyotoka mwaka 2020 ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye mahitaji mbalimbali, inakuruhusu kupanga ugumu wa mchezaji, maadui, wenzako, kujificha na vifaa, kila kimoja peke yake. Lugha isiyo na ngeli inaweza kuweka neno lilelile kwenye mistari yote mitano. Jaribuni hivyo kwa Kiswahili muone: "Maadui: wagumu" inapita. "Wenzako: wagumu" imeshakuwa malalamiko kwamba wenzako ni wabahili. "Vifaa: vigumu" inamaanisha vifaa visivyobonyea ukivishika. Mkiacha neno moja "Ngumu" kila mahali, mmevunja upatanisho na maana haijaokoka.

Dawa ni kuacha kutafsiri neno na kuandika kinachotokea. Maadui: dhaifu, wa wastani, hatari. Vifaa: vingi, vya kutosha, vichache. Kujificha: unaonekana kwa shida, unaonekana upesi. Wenzako: wanasaidia sana, wanasaidia kidogo. Mtaona kwamba mchezaji anaelewa uamuzi anaoufanya kabla hajaujaribu. Gemu ya Celeste ya mwaka 2018 ni mfano mzuri wa kuiga: hali yake ya usaidizi haitaji neno rahisi, bali inataja vitu vyenyewe, kama kasi ya mchezo inayoweza kushushwa hadi nusu, nguvu za kupanda zisizoisha, na kutodhurika. Kwa Kiswahili hayo yanakuja bila jasho: "Kasi ya mchezo: 70%", "Panda bila kuchoka", "Cheza bila kudhurika".

Jambo dogo la adabu nalo. Wolfenstein 3D ya mwaka 1992 ilimwonyesha shujaa wake amevaa kofia ya mtoto mchanga kwa yeyote aliyechagua ugumu wa chini kabisa. Utani huo mpaka leo una warithi wake, na kwa Kiswahili vishawishi ni vingi: "Kwa watoto", "Kwa waoga", "Kwa wasiojua". Mtu ambaye vidole vyake haviendi haraka si mwoga. Andikeni "Kwa anayetaka hadithi".

Kuhusu neno la kuwashwa, hamkukosea tafsiri. Mpangilio wa programu ndio haukuifikiria lugha yenye ngeli. Sauti imewashwa, mtetemo umewashwa, manukuu yamewashwa, vidokezo vimewashwa. Neno moja haliwezi kuwahudumia wote. Mkiweza, mwombeni mwandishi wa programu atenganishe maandishi ya kila chaguo. Akikataa, hamisheni kitenzi kwenye jina la chaguo na mwacheni Ndiyo na Hapana wajibu: "Onyesha manukuu: Ndiyo", "Tetemesha kidhibiti: Hapana". Ndiyo na Hapana hayana ngeli, kwa hiyo hayaharibiki. (Andikeni ndiyo yenye y, ndio ni kwa "hawa ndio maadui".)

Epukeni mambo mawili hapo. La kwanza ni kitufe chenye "Zima" peke yake: mchezaji hajui kama kitu kimezimwa au anaambiwa akizime. La pili ni jina lenye ukanushaji. "Usionyeshe damu: Hapana" inamlazimisha mtu kupiga hesabu kichwani ili ajue kama damu ataiona. Andikeni "Onyesha damu: Hapana".

Kwa jina la sehemu nzima ningechagua Ufikivu. Upatikanaji ni swali la kama gemu inapatikana, dukani au mtandaoni. Ufikiaji ni tendo la kufikia, na linafaa zaidi kwenye ruhusa: ufikiaji wa kamera, wa picha, wa mahali ulipo. Ufikivu ni sifa ya kitu chenyewe, neno limeumbwa kama ukamilifu au uangavu, na watumiaji wengi wa simu wamekwisha kulizoea. Mwanasarufi mkali atasema "sikivu" ni anayesikia, kwa hiyo "fikivu" ingekuwa anayefika, na kwamba ufikikaji ungekuwa bora. Hoja yake ina nguvu, ila neno limeshaenea na kulibadilisha sasa ni kumpoteza mtumiaji. Msiandike "Kwa wasioona na wasiosikia" kama kichwa, kwa sababu mtu mwenye mkono unaotetemeka, au anayeshindwa kusoma herufi ndogo, atapita bila kufungua.

Mkiwataja watu, andikeni watu wenye ulemavu, na mwacheni "kilema" apumzike. Kiziwi na kipofu, ingawa vina ki-, hupatanishwa kama watu: kiziwi anacheza, si kinacheza. Afadhali zaidi, tajeni kazi ya chaguo badala ya mtu. Hata rangi ziko hivyo: "Nyekundu hafifu", "Kijani hafifu" na "Buluu hafifu" zinamwambia asiyetofautisha rangi achague lipi, bila majina ya kitabibu.

Kuna mahali Kiswahili kinawapa zana ambazo hamkuziomba. Zile sehemu za mchezo ambapo unagonga kitufe harakaharaka ili ufungue mlango ni adhabu kwa mwenye maumivu ya viungo, na gemu nzuri huruhusu kushikilia kitufe badala yake. Uradidi, yaani kurudia neno, unamaliza maelezo: "Shikilia badala ya kubonyezabonyeza". Neno moja, bila kistari. Vivyo hivyo mwanga unaomwekamweka, ambao unastahili onyo la wazi kwamba unaweza kuamsha kifafa. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti inataka mimweko isizidi mitatu kwa sekunde. Skrini inapotikisika ni mtikisiko, kidhibiti kinapotetemeka mkononi ni mtetemo. Mkiyaita yote mtetemo, mtu atazima kimoja akidhani amezima kingine. Na badala ya "utofautishaji wa juu", semeni "Koleza maandishi".

Manukuu yanataka uangalifu kuliko yote. Yapo ya mazungumzo tu, na yapo ya sauti zote, yaani hatua za miguu, mlio wa risasi, mlango. Wayapeni majina hayo: "Manukuu ya mazungumzo" na "Manukuu ya sauti zote". Tanakali za sauti zinavutia, lakini kwa kiziwi "pu!" haisemi kitu; anataka kujua nini kimelia na kimelia wapi. "Hatua za miguu, nyuma yako" inamwokoa.

Na hapo ndipo mtego mbaya kuliko yote ulipo. Baadhi ya gemu huonyesha sauti kwa maandishi pamoja na upande inakotoka. Mtafsiri akiandika "Sauti ya kulia", mchezaji asiyesikia hajui kama kuna mtu analia au kuna sauti inayotoka upande ulio kinyume na kushoto. "Mtoto, kulia" ni mbaya zaidi. Wekeni kanuni msiyoivunja: upande daima ni "upande wa kulia", na machozi daima yana mtendaji, "mtoto analia", au jina lake, "kilio". Mkihitaji vyote viwili, "Kilio, upande wa kulia" haina utata hata kidogo. Pitieni pia maelekezo ya vitufe: "kijiti cha kulia" kinaeleweka kwa sababu kiko karibu na cha kushoto, lakini "Bonyeza kulia" kikiwa peke yake kitafsiriwe upya kuwa "Bonyeza kitufe cha kulia".

Mkimaliza, wekeni ukubwa wa herufi wa juu kabisa mpitie kila ukurasa. Vitenzi vyetu ni virefu, na "Havijawashwa" itakatwa katikati mahali ambapo neno la asili lilikuwa na herufi tatu. Mkilazimika kufupisha, fupisheni kwa kuondoa jina lililokwisha kutajwa kwenye kichwa. Msikate viambishi, maana ndivyo vinavyobeba maana. Halafu sikilizeni menyu kwa kisoma skrini, yaani programu inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti. Baadhi ya programu hizo husoma maneno yenye herufi kubwa tupu kama herufi mojamoja, kwa hiyo MANUKUU iwe Manukuu. Angalieni pia ng' ya "mng'ao": alama hiyo ndiyo ileile ambayo programu nyingi hutumia kufunga maandishi, na isipolindwa sentensi yote inakatikia hapo. "Mwangaza" inafanya kazi hiyohiyo na haina alama.