Mdoli wako niliuuza

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliponipigia uliniuliza, "Mama, umewashonea watoto wa watu midoli miaka yote hii, mbona mimi hukuwahi kunishonea hata mmoja?" Nikakujibu mtandao unakatika, tutaongea baadaye. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nilimsikia mjukuu wangu pembeni yako naye anangoja jibu, nikashindwa kusema.

Nilikushonea, mama. Halafu niliuuza.

Ilikuwa Januari 2002, una miaka minne, kaka yako anaanza darasa la kwanza. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa, lakini sare, viatu na madaftari vilibaki juu ya mzazi. Baba yako wakati ule alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, anabeba mizigo ya wageni njia ya Machame. Akipata safari hatumwoni siku sita au saba. Mwezi ule tulimwona kila siku.

Mimi nilikuwa na cherehani ya bibi yako, ile ya kukanyaga, pale dirishani. Vipande vya vitenge nilivipata kwa mafundi wa karibu na soko la kati, vile wanavyofagia jioni. Fulana za rangi ya udongo, za kutengenezea mwili, nilichagua kwenye mitumba pale Memorial, pamba tupu, kwa sababu ile inayovutika sana ukiijaza sufi inavimba upande mmoja. Kitenge nilikiloweka usiku kucha na kukisuuza mpaka maji yatoke meupe, ili rangi isije ikaingia kinywani mwa mtoto. Macho sikuwahi kuweka vifungo. Mtoto mdogo anaking'oa kifungo kwa meno, kinamkaba. Niliyadarizi kwa uzi, na hadi leo ndivyo ninavyofanya.

Midoli yangu ya mwanzo ilikuwa imara, lakini sura zake zilikuwa za watu wazima wenye hasira. Sikujua kwa nini. Usiku mmoja nikaanza kukushonea wako, kwa kipande cha khanga ya bibi yako, ile ya kijani. Ulikuwa umekaa juu ya gunia la vipande, makande yanachemka jikoni. (Enzi zile tulikula makande mno, kwa sababu yanajipika wakati mimi nashona.) Nilipoweka alama za macho kwa chaki ukasema, "Mama, huyu haniangalii mimi, anaangalia dari." Nikazifuta, nikashusha kidogo. Ukakataa. Nikashusha tena, mpaka chini ya nusu ya uso, paji likawa kubwa na pana. Ukacheka. Alikuwa mtoto! Nikakutazama na wewe, nikaona ndivyo macho yako yalivyokaa.

Ukalala naye siku nne.

Jumamosi akaja mwenye duka la vinyago kuchukua mzigo. Akaikagua midoli sita niliyomwekea, kisha akauona wako kwenye mkeka. Akasema ile sita angenipa 3,000 kwa kila mmoja, ila huo mmoja alikuwa tayari kuutolea 7,000, na anataka mingine kumi kama huo. Wewe ulikuwa umelala. Nilisimama pale mlangoni kwa muda nisioweza kuupima, nikampa. Jumatatu kaka yako akaenda shule na viatu.

Nilikwambia labda panya ameubeba. Uliutafuta siku mbili uvunguni, unamwita. Siku ya tatu ulichukua gunzi la hindi, ukalifunga kitambaa, ukalibeba mgongoni. Nilikuona, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Nilikuwa na nia ya kukushonea mwingine. Lakini ile kumi ilizaa ishirini, na kila mdoli uliokamilika ulikuwa na mtu anayeusubiri. Watu hunisifu kwamba niliwalea nikiwa nyumbani. Ni kweli nilikuwepo. Ulipojikwaa nilikuwa wa kwanza kukuinua. Ila mara nyingi ulinisimulia jambo nami naitikia "ehee" huku naingiza uzi kwenye sindano, na jioni sikumbuki ulisema nini. Hilo linaniuma kuliko mdoli.

Sitaki udhani kazi ile ilikuwa mateso. Niliipenda, naipenda mpaka leo. Kaka yako akisindilia sufi miguuni kwa mpini wa mwiko, baba yako akirudi mlimani anakata nyuzi za nywele, wewe unachagua gauni la nani liwe la nani, sikuwahi kuona nyumba iliyonifaa zaidi ya hiyo. Hakuna mgeni aliyenifundisha kuweka macho. Ni wewe.

Mwaka 2020 wageni walipokoma kuja, midoli zaidi ya arobaini ilibaki kwenye magunia chumbani. Ningeweza kukutumia hata mmoja. Ulikuwa mkubwa, niliona aibu.

Sasa nimekushonea. Kile kipande cha khanga ya kijani kilikuwa kimebaki kwenye kopo la biskuti, kimetosha gauni tu, kilemba nimekosa. Ndani ya kifurushi utakuta pia jani la sale, lile sisi Wachagga tunaloombea msamaha, nililochuma kihambani. Najua kwetu si kawaida mzazi kumpelekea mwanawe sale. Nimelipeleka.

Macho sijayaweka. Uzi mweusi na sindano nimevichomeka mgongoni kwa mdoli. Mkalishe mjukuu wangu karibu, akuonyeshe kwa kidole yakae wapi, na akisema shusha, shusha.

Kifurushi nakipeleka stendi kesho alfajiri nikampe kondakta. Kakipokee stendi ya Mbezi, huko Dar, jioni, uende na kitambulisho.

Mama yako