Jibu: Nini kiliupasua mnara wa Duffus?
Ndugu, umeuliza kama ni tetemeko lililoupasua mnara wa Duffus kule Uskoti. Hapana. Kilima ambacho mnara umesimama juu yake ni kazi ya mikono: udongo ulirundikwa katika karne ya 12, juu yake ikakaa ngome ya mbao, na mbao ni nyepesi. Ngome hiyo ilipoteketezwa mwaka 1297, baadaye wakajenga mnara wa mawe palepale. Udongo wa kurundika haukuhimili. Kona nzima ikateleza mteremkoni, na ipo hapo hadi leo, mawe yake yangali yameshikana! Hilo hunigusa sana: chokaa ya mafundi wale ilikuwa imara kuliko ardhi waliyoijengea. Ukifika, anza kwa kuzunguka handaki la nje, bado lina maji.