Jibu: Dada wa saluni Roysambu, hiyo elfu 35 iweke kwanza

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Umefungua saluni Roysambu, ghorofa ya kwanza, wateja wako ni wale wa ploti tu, na sasa kuna kijana anataka elfu 35 akutengenezee tovuti na "kukuweka wa kwanza Google" kwa yeyote atakayetafuta saluni Nairobi. Tovuti si mbaya, lakini hiyo nafasi ya kwanza si yake kuiuza. Google wenyewe wameandika kwamba nafasi katika matokeo ya ramani hailipiwi. Wanatazama mambo matatu: biashara inalingana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Matangazo ya kulipia yapo, ila yana alama yake, na pesa ikiisha nayo yanaondoka.

Huo umbali ndio wauza tovuti kama huyo kijana hawautaji. Mtu wa Lang'ata hakuoni, na hata akikuona, apande matatu ngapi kuja kusukwa? Labda awe shangazi yako. Wewe unamtaka yule anayeshuka steji ya Roysambu saa kumi na mbili jioni, kesho ana harusi, kichwa hakitazamiki. Huyo utampata kwa Wasifu wa Biashara wa Google, ule unaotokea kwenye ramani na namba ya simu. Ni bure.

Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia, karakana iko Donholm. Mwaka 2019, wakati wasifu huo ungali unaitwa Google My Business, nilimlipa mtu anifungulie. Akatumia barua pepe yake. Baadaye laini yangu ya simu ikapotea, nikataka kubadilisha namba, na jamaa hapatikani. Miezi mingi wateja walikuwa wakipiga laini iliyokufa huku mimi nimekaa karakana nasema biashara imelala. Niliurudisha kwa kuomba umiliki upya na kuthibitisha kwamba karakana ni yangu. Kwa hiyo, yeyote atakayekusaidia, wasifu ufunguliwe kwa barua pepe yako na nenosiri ulijue wewe. Yeye muweke msimamizi, mmiliki ubaki wewe.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi, na hapa nakuomba usome polepole. Pini, ile alama ya ramani inayoonyesha biashara ilipo, ilikaa ng'ambo ya pili ya Outering Road. Kwenye ramani ni kama upana wa kidole. Kwa miguu, mwenye mikrowevu mkononi anapanda daraja la waenda kwa miguu, anateremka, anakuta ukuta. Wengine walipiga simu wakilalamika, wengi zaidi hawakupiga. Sababu nilikuja kuijua siku bodaboda aliponiambia, "Fundi, ramani yako inanipeleka kwa watu." Usikubali pini ile inayojitupa yenyewe ukiandika jina la mtaa. Simama mlangoni, fungua ramani kwa picha za setilaiti, ikuze hadi uone paa la jengo lako, kisha uiburute pini mpaka kwenye lango watu wanakoingilia. Ukigusa hapo utapata pia Plus Code, zile herufi na tarakimu zenye alama ya kujumlisha katikati. Itume WhatsApp kwa anayekuja, maana anwani zetu ni za "jengo la kijani mkabala na kibanda cha mayai", na siku jengo likipakwa rangi nyingine umepotea.

Kuithibitishia Google kwamba biashara ni yako, siku hizi mara nyingi ni kwa video. Unarekodi mfululizo bila kukatakata: barabara na majengo ya jirani, ubao wenye jina lako, kisha unafungua mlango kwa ufunguo wako na kuonyesha vifaa na kibali cha kaunti. Video yangu ya kwanza ilikataliwa. Ubao wangu ulikuwa karatasi iliyobandikwa getini, nami nadhani hiyo ndiyo sababu, kwa sababu nilimwita fundi rangi akaniandikia jina ukutani na ya pili ikapita.

Jina liwe lile lile la ubaoni. Mimi kwa tamaa niliongeza "Fundi Bora Friji Nairobi Bei Nafuu" mbele ya jina, wasifu ukasimamishwa wiki tatu. Sheria iliandikwa, sikuisoma. Maneno ya kazi yana mahali pake: aina ya biashara, na orodha ya huduma. Hapo andika kila msuko unaofanya, na bei ikiwezekana. Na uandike jinsi watu wanavyotafuta. Wasifu una ripoti inayoonyesha maneno yaliyowaleta watu kwako. Mimi nilijaza maelezo yangu kwa Kiswahili kizuri kabisa, kumbe wateja, ambao dukani wananiambia "friji haigandishi", kwenye simu wanaandika "fridge repair Donholm". Sasa nimeweka vyote viwili.

Maoni ya wateja. Usinunue. Niliuziwa ishirini ya nyota tano, mengine kutoka kwa watu wenye picha za Wahindi na majina ya Kirusi, na kabla ya mwezi kwisha yote yalikuwa yamefutwa. Wala usimpe mteja punguzo ili akusifu, hilo nalo limekatazwa. Muombe tu, lakini muombe kwa wakati. Mteja wangu analipa kwa M-Pesa, simu iko mkononi, friji imeanza kuguruma vizuri. Hapo namtumia kiungo cha kuandikia maoni. Wako ni yule anayejitazama kwenye kioo akigeuza shingo huku na huku. Kama hana bando, mfungulie hotspot. Usimpe simu yako aandikie, itaonekana umejisifu mwenyewe. Na akija wa nyota moja, mjibu kwa adabu, mistari miwili. Anayesoma jibu lako si yeye, ni mteja wa kesho.

Picha piga mwenyewe, nywele za wateja wako (waombe ruhusa), na moja ya ngazi za kupandia kwako, kwa kuwa uko ghorofani. Saa za kazi zirekebishe sikukuu zikifika, hasa Idi ya baada ya Ramadhani, ambayo huthibitishwa usiku wa kuamkia, mwezi ukionekana.

Kuna mmoja aliyekujibu kabla yangu amekushauri utumie tovuti ya bure inayotoka na wasifu. Ilikuwepo, hata mimi nilikuwa nayo, lakini ilifungwa Machi 2024. Kwa sasa weka kiungo cha ukurasa wako wa Instagram au Facebook. Baada ya miezi mitatu fungua ripoti uone wangapi walipiga simu na wangapi waliomba njia ya kufika, ndipo umjibu huyo kijana wa elfu 35. Ila kabla ya video, ubao wako wa jina uupake rangi.