Kabla hujapiga dawa, piga picha: viwavi kwenye nyanya za nyumbani

Mkuu, salaam. Nimesoma swali lako: una miche kumi na miwili ya nyanya kwenye viroba hapo Tabata, majani yana matundu, matunda matatu yametobolewa karibu na kikonyo, na picha uliyopiga imetoka ukungu mtupu. Unauliza upige dawa gani. Ninachokuomba ni kwamba leo usipige dawa yoyote. Rudi kwanza upige picha upya.

Mimi niko Kimara, huu ni mwaka wa sita nalima nyanya uani kwenye ndoo za rangi na viroba. Miche naihamisha mwezi wa tano mwishoni, masika yakiwa yanaaga, ili izae kwenye kibaridi cha Julai na Agosti. Msimu wangu wa pili niliona matundu kama hayo yako. Nikaenda duka la pembejeo nikasema, "Kuna wadudu wanakula nyanya zangu." Muuzaji hakuniuliza ni wadudu gani. Akanipa chupa, akaniambia hiyo inamaliza kila kitu. Na kweli ilimaliza buibui, nyuki na vile vinyigu vyembamba vinavyozunguka maua. Wiki mbili baadaye inzi weupe walijaa chini ya majani, ukigusa mche wanaruka kama unga uliopeperushwa, na viwavi bado wamo ndani ya matunda wanakula. Dawa ya kumgusa mdudu haimfikii aliyejifungia ndani ya nyanya. Niliing'oa miche yote.

Kilichoniuma zaidi ni mwanangu. Alikuwa na mazoea ya kuchuma nyanya na kuila palepale. Yale maandishi madogo kwenye lebo, ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, niliyasoma siku ya nne baada ya kupiga. Hakudhurika, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikulala.

Tangu hapo sinunui kitu bila kumjua mdudu, na anayenisaidia kumjua ni simu.

Picha yako imeharibika kwa sababu mbili ninazoziona: umeisogeza simu karibu mno, na jani lilikuwa linatikiswa na upepo. Amka saa moja asubuhi, upepo wa baharini haujaanza na jua bado halijawa kali. Libane jani kwa kibanio cha nguo kwenye kijiti ulichochomeka kando ya mche. Weka karatasi nyeupe nyuma yake. Shika simu umbali wa shubiri moja hivi, gusa kioo pale alipo kiwavi mpaka aonekane vizuri, ndipo upige; utaikuza baadaye. Flashi izime, inamng'arisha mgongo na kufuta mistari yake. Jua likiwa limeshapanda, mtu akushikilie kanga juu iweke kivuli. Na weka njiti ya kiberiti pembeni yake, maana "kiwavi mdogo" kwa kila mtu ana saizi yake.

Mpige kwa juu uone mistari, kisha kwa ubavu uone miguu. Hii ya ubavu wengi wanaiacha, na ndiyo inayosema mengi. Viwavi wote wana jozi tatu za miguu ya kweli mbele. Tazama ile minene ya nyama iliyo katikati ya tumbo: ukiona jozi nne, huenda ni funza wa matunda au ndugu zake wanaokula majani usiku. Ukiona jozi mbili tu, na akitembea anajikunja mgongo kama upinde, huyo anakula majani zaidi, na kwa miche kumi na miwili anamalizwa kwa vidole.

Kwa maelezo yako, tundu karibu na kikonyo, namshuku funza wa matunda, Helicoverpa armigera, yuleyule ambaye wakulima wa pamba wanamwita funza wa vitumba. Nimewahi kumkuta asubuhi kichwa na nusu ya mwili vimo ndani ya nyanya, nusu ya nyuma iko nje, na nje ya tundu kuna chenga za kinyesi zenye majimaji. Rangi isikudanganye, anaweza kuwa kijani, kahawia, hata wa pinki. Akimaliza tunda moja anahamia la pili, ndiyo maana kiwavi mmoja anakuharibia matunda kadhaa.

Yai lake nililiona kwa bahati. Nilikuwa napiga picha ya ua tu, kwa sababu lilipendeza. Usiku nilipoikuza nikaona kwenye jani la jirani kidoti cha rangi ya maziwa, hakifiki milimita moja, mviringo, kina mistari inayoshuka kutoka juu kama pingili za chungwa lililomenywa. Kwa macho yangu nisingekiona kamwe. Nikawa nakipiga picha kila asubuhi: kikaanza kupata weusi, na siku ya nne kilikuwa ganda tupu, pembeni kuna kiwavi mwembamba kama uzi mwenye kichwa cheusi. Hizo siku chache, kabla hajaingia kwenye tunda, ndizo za kumshughulikia. Akishaingia ndani umechelewa.

Kwa hao wachanga natumia mwarobaini. Natwanga kiini cha mbegu zilizokauka, gramu 50 kwa lita moja ya maji, naloweka usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, naongeza matone machache ya sabuni. Napiga jioni, juu na chini ya majani, kwa sababu jua linaiharibu haraka, na narudia baada ya siku tano hadi saba. Majani ya mwarobaini yanasaidia lakini nguvu yake ni ndogo kuliko mbegu. Ukipenda ya dukani, ulizia yenye bakteria Bacillus thuringiensis na uhakikishe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Hiyo lazima kiwavi aile ndipo imdhuru, kwa hiyo nayo ipige jioni viwavi wakiwa wadogo. Ataacha kula mapema ila atachukua siku kadhaa kufa. Usikate tamaa kesho yake ukimwona bado yupo.

Lakini kama kwenye majani kuna mabaka meupe kama karatasi, habari ni nyingine: huyo ni kantangaze, Tuta absoluta. Asili yake Amerika Kusini, alifika Hispania 2006 na hapa kwetu Tanzania 2014. Anaishi katikati ya ngozi mbili za jani. Inua jani uliweke kati yako na anga, piga picha kwa chini. Mwanga ukipenya utamwona kama kivuli ndani ya baka, na kinyesi chake cheusi pembeni. Katika joto la nyuzi 27 anatoka yai hadi nondo kwa siku 24 hivi, kwa hiyo ukizembea mwezi mmoja una kizazi kipya. Majani hayo yachume yote, yatie kwenye chupa ya maji, funga kifuniko, iache juani siku kadhaa. Usiyatupe chini ya mche.

Mche mchanga ukiukuta umekatwa shinani, fukua udongo hapohapo, sota, kiwavi anayekata miche, yupo amejikunja. Na yule mkubwa kama kidole mwenye pembe nyuma asikutishe, hachomi.

Ukimkuta kiwavi amezubaa na pembeni yake kuna vifuko vyeupe kama punje ndogo za mchele, mwache alipo. Humo kuna watoto wa nyigu waliokulia ndani yake, na wakitoka watakwenda kutaga kwa wengine. Hao ndio niliowaua mwaka ule.

Sasa hivi chuma yale matunda matatu, yapasue, mpige picha utakayemkuta. Tifua udongo wa juu kwenye viroba, maana akikomaa anashuka kujigeuza pupa huko. Kesho asubuhi niwekee picha nne: kiwavi kwa juu, kwa ubavu, tunda lililopasuliwa, na jani likiwa mbele ya anga. Jioni nikitoka kazini nitaziangalia moja moja.